Upelelezi wa Raia: Ulinzi au Dhulma?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mjuzi wa siri na dhahiri. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake wote. Amma ba'd.

Ndugu Waislamu, liko neno lililozoeleka vinywani mwa watu, hata baadhi ya tunaoswali nao safu moja. Serikali inapotaka kusikiliza simu za raia au kukusanya habari za miili na makazi yao, neno hilo hutolewa kana kwamba ni hoja isiyo na jibu: "Asiye na kosa anaogopa nini?" Makala haya yanakusudia kubainisha kwamba neno hilo ni batili kisharia, na kwamba ubatili wake tumeuona wenyewe hapa Kenya.

Hatari ipo

Kwanza tuseme ukweli, ijapokuwa ni mchungu. Tarehe 7 Agosti 1998 waliuawa watu zaidi ya 200 jijini Nairobi. Septemba 2013 waliuawa 67 katika jengo la Westgate, na tarehe 2 Aprili 2015 wakauawa 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Waliotenda hayo walidai kuitetea dini hii, na dini iko mbali nao. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya Sharia, na mtawala ataulizwa juu ya raia wake. Basi anayedai kuwa serikali haina haki ya kuwasaka wauaji amekosea, na anayewaficha kwa kisingizio cha udugu wa dini ni mshirika wao katika dhambi.

Uislamu unasemaje?

Pamoja na hayo, Allah (s.w.) katika Suratul Hujurat, aya ya 12, amekataza mambo matatu kwa mfuatano: dhana nyingi, kisha kupelelezana, kisha kusengenyana. Mfuatano huo una hekima. Dhana ndiyo imtumayo mtu kupeleleza, na akishapeleleza hawezi kuuzuia ulimi wake.

Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Sahl bin Sa'd (r.a.) kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu ya chumba cha Mtume (s.a.w.). Mtume alimkemea vikali, akamweleza kuwa kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho. Sasa tuwaulize wenye neno lile: nyumba ya Mtume ilikuwa na kosa gani la kufichwa? Hapana Mwislamu awezaye kusema lipo. Kwa hiyo sitara ni haki ya mwema kabla ya kuwa kimbilio la muovu, na anayeidai hajakiri kosa lolote.

Hata mtawala hakuachiwa. Amepokea Al-Hakim kwamba Umar bin Al-Khattab (r.a.) alikuwa akizunguka Madina usiku pamoja na Abdurrahman bin Auf (r.a.), wakasikia makelele katika nyumba ya Rabia bin Umayya. Umar alijua kuwa mle ndani watu wanakunywa pombe. Abdurrahman akamkumbusha kuwa wanalolifanya wao wawili ndilo alilolikataza Allah, yaani upelelezi. Umar akageuka, akaenda zake. Huyo ndiye Amiri wa Waumini, na kosa lilikuwapo kweli!

Mizani ya wanazuoni

Huenda mtu akasema: Je, Mtume (s.a.w.) hakumtuma Ali, Zubeir na Miqdad (r.a.) wakamsimamishe mwanamke njiani na kuitoa barua ya Hatib bin Abi Balta'a iliyokuwa ikipelekwa kwa Makureshi? Naam, aliwatuma. Lakini waliagizwa kwa mwanamke mmoja, mahali maalumu, kwa barua iliyojulikana kwa yakini. Misafara mingine haikupekuliwa. Kisha Hatib akaitwa, akaulizwa, akasikilizwa, na udhuru wake ukakubaliwa.

Imam Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, ameiweka kanuni hii wazi katika Al-Ahkam As-Sultaniyya. Anasema kwamba msimamizi wa hisba hana ruhusa ya kuchimbua maovu yasiyodhihiri. Ila akipewa habari na mtu mwaminifu kwamba fulani amejitenga na fulani ili amuue, hapo yajuzu kuchunguza, kwa kuwa uhai ukishapotea haurudi. Yasiyofikia daraja hiyo hayajuzu. Hii ndiyo mizani: mtu maalumu, hatari kubwa, na habari ya kuaminika.

Yaliyotokea kwetu

Tuyapime basi matendo ya serikali kwa mizani hii. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh na kwingineko, wengi wao Wasomali, na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Je, hao walikuwa na kosa gani hata wakaogopa? Kosa lao lilikuwa majina yao na mtaa wao.

Desemba mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kurekebisha sheria za usalama. Ndani yake vyombo vya usalama vilipewa uwezo wa kunasa mawasiliano ili kuzuia ugaidi, kwa utaratibu utakaowekwa na waziri. Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu 8 vya sheria ile, lakini hiki ikakiacha.

Ikaja Huduma Namba mwaka 2019, nayo sheria yake ikaruhusu kuchukuliwa hata chembe za DNA na vipimo vya setilaiti vya mahali nyumba ilipo. Miongoni mwa waliokwenda mahakamani ni ndugu zetu Wanubi, ambao wameionja kwa miaka mingi adha ya kuhojiwa asili yao kila wanapoomba kitambulisho. Januari 2020 Mahakama Kuu ikayabatilisha mambo hayo mawili. Lau kila mtu angelisema "sina cha kuogopa", nani angelikwenda mahakamani?

Tena tukumbuke Garissa. Siku chache kabla ya shambulio, onyo lilikwishatolewa kwamba vyuo vikuu vinalengwa. Habari ilikuwapo, ila ulinzi uliofaa haukuwapo. Kuzidisha masikio katika nyumba za watu wote hakumwamshi mlinzi aliyelala langoni.

Tunayoyadai

Tunaitaka serikali isimsikilize raia ila kwa amri ya jaji, juu ya mtu maalumu, kwa muda maalumu. Na aliyedhulumiwa kwa dhana arudishiwe haki yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ni hatua njema, lakini kifungu chake cha 51 kimeyatoa mambo ya usalama wa taifa nje ya masharti yake, na mlango huo ukiachwa wazi nyumba nzima imeachwa wazi.

Nasi tujihesabu. Wako miongoni mwetu wanaoshika simu ya mke au ya ndugu na kuipekua, wanaorekodi darsa kwa siri ili kumchongea sheikh wasiyeafikiana naye. Vipi tutamkataza mtawala lile tunalolitenda majumbani mwetu? Na atakayejua kwa yakini kwamba kuna njama ya kumwaga damu, ni wajibu wake kuitoa habari hiyo, wala hiyo haiitwi fitina.

Tunamuomba Allah (s.w.) azisitiri aibu zetu, atuamini na hofu zetu, na awape viongozi wetu uadilifu. Amin. Wabillahi tawfiq.