Mofini na Akili ya Mgonjwa

Neno kasumba, ambalo siku hizi hutajwa zaidi katika siasa, asili yake ni jina la afyuni, utomvu mkavu wa tunda changa la mpopi. Humo ndimo itokamo mofini, na pengine jina hilo baya ndilo linalowafanya watu waiogope hata pale inapohitajiwa.

Mofini hujishikiza kwenye vipokezi maalumu vya ubongo na uti wa mgongo, vilivyothibitishwa kuwapo mwaka 1973. Maumivu hupungua, wasiwasi hutulia, na pengine mtu huona raha isiyo na sababu. Mboni za macho husinyaa, pumzi hupungua kasi, matumbo huwa mazito. Siku za mwanzo mgonjwa husinzia na fikira zake hukokota. Usingizi huo aghalabu hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakuishi, ndiyo maana hupewa pia dawa ya kulainisha choo. Kipimo kilichopita kiasi huweza kuzima pumzi, na kuitumia kwa starehe huzaa uraibu.

Hata hivyo, wanaodai kwamba mofini hupumbaza akili husahau kwamba maumivu makali ya saratani hupumbaza zaidi: mgonjwa halali, hasomi, wala hawezi kuzungumza na wanawe. Uganda ililitambua jambo hili. Tangu 1993 wagonjwa wa huko wamekuwa wakinywa majumbani mwao mofini ya maji, na mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu waliruhusiwa kisheria kuwaandikia dawa hiyo.