Usalama wa Lori Bomet Huanzia Yadi za Mombasa

Mvua na baridi zikishika nyanda za chai, sisi watu wa Pwani hatuna haki ya kusema hayo ni mambo ya bara. Chai ya Bomet na Kericho hushuka kwa lori hadi maghala ya Mombasa kusubiri mnada. Na makontena yapandayo huko yametoka bandarini kwetu, mara nyingi usukani ukiwa mikononi mwa jamaa zetu wa Changamwe, Miritini na Mariakani.

Jioni ya Juni 30, 2023, lori la kontena lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, likavamia matatu, bodaboda na wachuuzi. Watu zaidi ya 50 walifariki. Baada ya hapo serikali ikaagiza masoko yaondolewe kandokando ya barabara. Ni sawa, lakini agizo hilo linamhusu anayegongwa. Anayegonga je?

Barabara ya kutoka Bomet kupitia Kaplong na Litein hadi Kericho ni ya kupanda na kushuka. Alasiri huja mvua, mara nyingine ya mawe. Alfajiri huja ukungu. Lami ikilowa, lori lenye mzigo huhitaji nafasi kubwa zaidi kusimama. Dereva mjuzi huingiza gia nzito kabla ya kuanza mteremko, akaiacha injini ishike gari. Anayekanyaga breki mfululizo huzipasha moto hadi zikakosa nguvu. Kwenye ukungu huwasha taa za chini, kwani taa kali humrudishia mwanga machoni.

Lakini ujuzi huo una adui. Mafuta yakipimwa kwa kibaba, dereva hushawishika kushuka bila gia ili abanie. Malipo yakiwa kwa tripu, usingizi huwa hasara. Sheria ya trafiki inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Mombasa hadi Kericho ni zaidi ya kilomita 700. Hata kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, hizo ni karibu saa 12. Tajiri anayemtuma dereva mmoja na kudai mzigo ufike bila kulala njiani amekwisha kuvunja sheria kabla lori halijatoka yadini.

Kisha ajali ikitokea, twasema ni kudra. Kudra ni haki, lakini dini yetu imetufundisha kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Kumfunga ngamia hapa ni kukagua breki na matairi kabla ya safari, kumwaga maji yanayojikusanya kwenye matangi ya upepo, kutopakia kupita kiasi, na kumpa dereva mwenzake au usiku mmoja wa kulala.

Nionavyo mimi, polisi na NTSA wasiishie kumkamata dereva. Wamuulize tajiri: gari lilikaguliwa lini? Dereva alilala wapi? Alipangiwa kufika saa ngapi? Majibu ya maswali hayo yako hapa Mombasa, wala hayahitaji kusubiri mazishi mengine huko juu.