Chungu Humsikiliza Mlaji

Ndugu msomaji, majira ya likizo yanapokaribia, wazazi wengi wa mjini huanza kupiga hesabu ya safari. Wako wanaokwenda kuwaona wazee, wako wanaokwenda arusini au matangani, na wako pia wanaokwenda kutembea tu ili watoto waione nchi yao. Katika hesabu hiyo nauli hutengwa, zawadi za wenyeji hutengwa, na hata fedha ya simu hutengwa. Jambo moja husahauliwa, nalo ni chakula. Hilo huachiwa bahati, na mara nyingi bahati yenyewe huishia kwenye sahani ya chipsi zilizokaangwa tangu asubuhi.

Jumapili ya leo tunashika njia ya kusini, kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko, mwendo wa kilomita 300 hivi, kisha tusogee mpaka Lindi. Shabaha yetu ni kueleza namna familia ya mfanyakazi inavyoweza kula chakula kizuri cha mahali hapo, kwa fedha ya kiasi, na bila kuugua tumbo. Tena tutaeleza kwa nini jambo hili linamhusu mwenyeji wa Kilwa kama linavyomhusu mgeni wake.

Wazee wetu waliosafiri njia hii hawakuwa na haraka tuliyo nayo. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na mvua zikizidi msafiri aliweza kukwama siku kadhaa. Aliyekwama alikula kile alichokula mwenyeji. Leo lami imetuondolea taabu hiyo, na ni jambo la kushukuru. Lakini pia imetuzoesha kupita vijiji bila kujua vinapika nini. Wala tusijisahau: mwezi Mei 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya viliikata barabara hii maeneo ya Somanga, na wasafiri wakakwama. Kwa hiyo mama mwenye busara haondoki nyumbani bila maji ya kunywa na chakula kidogo cha akiba kwa ajili ya watoto.

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: mahali basi linaposimama pamechaguliwa na dereva, wala si na tumbo la abiria. Hapo chakula hupikwa kwa ajili ya mtu mwenye dakika kumi, asiyetazamiwa kurudi. Si kosa la mpishi. Ndiyo biashara ilivyo. Basi ni afadhali kufungua kinywa nyumbani kabla ya safari, na njiani kununua vile tu ambavyo mahali hapo panavitoa penyewe. Ukipita Mkuranga, nunua korosho na machungwa. Ukifika Ikwiriri, uko jirani na Rufiji, nchi ya mpunga, maembe, na samaki wa mtoni kama kambale na perege. Ukifika Somanga, bahari imekaribia, na utawaona akina mama na vijana wakiuza samaki waliokaangwa. Chagua kipande kilichotoka kwenye mafuta sasa hivi, usichague kilichokaa juu ya sinia wazi kikipigwa na vumbi. Pale Nangurukuru njia huachana: moja huendelea Lindi, nyingine hukata kushoto kuelekea Kivinje na Masoko.

Tukifika Masoko, tuweke mizigo kwanza. Huu ni mji mdogo, makao makuu ya Wilaya ya Kilwa, na kwa miguu mtu anaweza kuuzunguka kabla jasho halijamkauka. Hapa ndipo methali ya wahenga inapofaa: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usiongozwe na kibao kikubwa wala na kijana anayekuvuta mkono. Tazama wanapokula makarani wa ofisi, wavuvi, waendesha pikipiki na wachuuzi wa sokoni. Hao hula hapo kila siku kwa fedha zao wenyewe, na mpishi akiwaharibia leo, kesho hawaji. Shahidi bora kuliko hao huna.

Kisha tazama usafi. Je, kuna maji ya kunawa yanayomiminwa, au watu wote huchovya mikono katika beseni moja? Je, masufuria yamefunikwa? Je, chakula kinatoka jikoni kikifuka moshi? Je, vyombo huoshwa kwa maji safi na kuanikwa? Nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 na ya Chakula ni Uhai mwaka 1975, na mafunzo yake hayajachakaa. Banda la makuti lenye maji safi na moto unaowaka ni salama kuliko hoteli ya vioo yenye chakula kilichopoa.

Saa nazo zina maana. Asubuhi mapema ndio wakati wa vitumbua, maandazi na chapati kwa mbaazi za nazi, na muhogo wa kuchemsha. Adhuhuri ndio wakati wa wali na samaki. Anayekuja saa tisa atapewa ukoko na mchuzi uliopoa, kisha aulaumu mji mzima. Jioni wapishi huweka majiko nje, na hapo ndipo penye samaki wa kukaanga, muhogo, na pweza. Ukifika katika mwezi wa Ramadhani, fahamu kwamba wakazi wengi wa pwani hii ni Waislamu. Mchana majiko mengi hayawaki, na si adabu kula hadharani. Lakini saa ya futari ikiwadia, utauona muhogo wa nazi, magimbi, ndizi, kunde na tambi kwa wingi ambao siku nyingine huuoni.

Zaidi ya saa, iko kalenda ya bahari. Mgeni wa mjini huuliza pweza siku yoyote na kushangaa akiambiwa hakuna. Pweza hupatikana zaidi wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa sababu hapo maji hutoka sana na miamba hubaki wazi. Katika pwani yetu maji hayo hutoka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, ndipo wanawake kwa wanaume huenda miambani na vijiti vyao. Hivyo pweza mbichi huingia mjini mchana. Dagaa nao huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka hupungua. Majira ya kusi, bahari ikichafuka, mashua nyingi hazitoki, na samaki hupanda bei. Mtu anayejua hayo hamlaumu mpishi, bali humwuliza bahari imeleta nini leo.

Samaki mzuri hutambulikana. Jicho lake ni angavu, mashavu ya ndani ni mekundu, na nyama ukiibonyeza hurudi. Samaki aliyeuawa kwa baruti huwa laini, mara nyingi uti wake umevunjika na damu imevilia kando ya mfupa, naye huoza upesi. Uvuvi huo haramu uliitesa sana pwani ya Kilwa kabla Serikali haijaukazia mkono. Mlaji akimkataa samaki wa namna hiyo, naye amepiga vita. Kadhalika pweza mwenye uzito wa chini ya nusu kilo sheria hairuhusu avuliwe. Na nyama ya kasa usiiguse hata ukiipewa kwa heshima: ni kinyume cha sheria, na inaweza kuua. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki dunia baada ya kula kasa.

Sasa tuje kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Mgeni huingia kwenye banda, hukaa, na kabla hata ya kusalimu huuliza, "Mna chipsi kuku?" Akijibiwa hakuna, huondoka. Kesho yake huja mwingine na swali lile lile. Mama ntilie ana watoto wa kusomesha. Siku ya tatu hukopa fedha, akanunua viazi vilivyotoka nyanda za juu na kuku wa barafu kutoka Dar es Salaam. Sufuria ya kisamvu cha nazi huondoka jikoni, ikafuatwa na ugali wa muhogo, ambao wengi wa pwani huuita bada, na ng'onda waliopikwa kwa ndimu. Wakati huo huo gari lenye barafu limejaa samaki wa Kilwa likielekea Dar es Salaam, na pweza wake wengine wakisafirishwa mpaka Ulaya. Wameachana njiani: samaki anakwenda alikotoka mgeni, na kuku anakwenda aliko samaki. Mgeni amesafiri kilomita 300 kula alichokiacha Mbagala, tena kwa bei kubwa zaidi, na fedha yake haikumfikia mvuvi wala mkulima wa Kilwa.

Chungu humsikiliza mlaji. Chakula cha mahali hakifi kwa sababu wapishi wamesahau kukipika. Hufa kwa sababu wageni, ambao ndio wenye fedha mkononi, hawakiulizi, na vijana wa pale pale wakaanza kukionea haya. Binti anayemwona mgeni akikunja uso mbele ya bada, hatataka kujifunza kusonga bada. Huko Malaysia, familia za Kuala Lumpur hufunga safari hadi mji wa Ipoh kwa ajili ya kuku wa kuchemsha na chipukizi za maharage, chakula cha kawaida kabisa. Na kwa kuwa kinaulizwa, wapishi wanaendelea kukipika. Sisi tunashindwa nini?

Basi badili swali. Ingia, toa salamu: "Shikamoo mama." Ukishaitikiwa "Marahaba mwanangu," uliza, "Leo mmepika nini?" Maneno matatu hayo hufungua jiko. Ukiwa na siku mbili mjini, unaweza kuagiza: mpe mama fedha ya pweza na nazi leo jioni, akupikie kesho. Utamwona akimponda pweza mpaka alainike, akamchemsha kwa maji yake mwenyewe, kisha akatia tui jepesi kwanza, na tui zito mwisho kabisa, akikoroga polepole ili lisikatike. Mlete na mtoto wako atazame. Hilo ni somo ambalo halimo katika daftari lake la shule.

Wala usidhani kukaa kwenye kigoda cha mama ntilie ni kujishusha. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, wakati ule mji ukiwa Kisiwani ng'ambo ya Masoko, ameandika kwamba Sultani wake, Hasan bin Sulaiman, alikuwa mtu mnyenyekevu, akikaa na kula pamoja na mafukara. Wareno nao walioiteka Kilwa mwaka 1505 walisimulia juu ya machungwa, malimau, vitunguu na asali walivyovikuta. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na wageni huvuka kuyatazama. Kuta zile walizijenga watu waliokula samaki, nazi na mtama. Ukuta hulindwa na Serikali. Chakula hakina mlinzi ila mlaji.

Mwenye nafasi na aendelee Lindi. Mkoa huo ni mashuhuri kwa ufuta, korosho na mbaazi. Tafuta kashata za ufuta wawapelekee jirani badala ya biskuti. Sokoni waulize wenyeji juu ya ming'oko, mizizi ya porini inayochimbwa na kuchemshwa, ambayo watu wa Lindi na Mtwara huila kwa furaha na wa Dar es Salaam wengi hawajaisikia. Onja kidogo kwanza. Si lazima kila kitu kikupendeze, lakini kukataa kabla ya kuonja ni ukosefu wa adabu tunaowakataza watoto.

Mwezi Septemba 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi hapo Kilwa Masoko, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260. Ni hatua kubwa, na samaki watakaoshushwa hapo watakuwa wengi. Lakini bandari hupeleka samaki mbali, haimpikii mtu. Kama samaki hao wote watapita tu mjini wakielekea kwingine, au kama baadhi yao watabaki na kuingia katika vyungu vya akina mama wa Masoko, jambo hilo litaamuliwa pia na swali tunaloliuliza tunapoketi mezani.

Likizo njema, ndugu msomaji, na safari yenye shibe. Tukutane tena Jumapili ijayo.