Kuingia Si Kujiandikisha

Msomaji mpenzi, je, waijua tofauti ya “sign up” na “log in”? Usicheke. Juzi mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne, alirudi kutoka saiba akilia. Jumatatu alikuwa ameanza kujaza fomu ya kuomba nafasi ya chuo. Alipokwenda kuimalizia Jumatano, siku ya mwisho, kompyuta ilimkataa katakata.

“Ulibonyeza wapi?” nikamuuliza.

“Penye ‘sign up’, Mjomba.”

Kosa lilikuwa hapo. “Sign up” ni kujiandikisha, kama mtoto anavyoandikishwa darasa la kwanza. Hufanywa mara moja tu. Ukirudi, mlango wako ni “log in”, “log on” au “sign in”. Yote matatu ni kuingia, kwa jina na neno la siri ulilo nalo tayari.

“Log” ni gogo. Mabaharia wa Uingereza walitupa baharini kipande cha ubao chenye kamba ya mafundo, wakahesabu mafundo kupima mwendo wa meli, kisha wakaandika kitabuni. Kitabu hicho ndicho kilichozaa jina logibuku, ambalo leo wenye magari wanalijua sana. Kompyuta nayo huweka kumbukumbu: nani ameingia, na saa ngapi.

Unapoandika, tenga maneno mawili kama ni kitendo: “I logged in yesterday.” “Login”, neno moja, ni jina la kitu, kama katika “my login”. Kwa hivyo usiandike “I logined”, watakucheka.

Na aliyeingia hana budi kutoka. Kufunga dirisha la kompyuta pekee huenda kusikutoe. Bonyeza “log out”. La sivyo, atakayekalia kiti baada yako aweza kuikuta fomu yako wazi, akabadilisha chuo ulichochagua, na kumbukumbu zikasema ni wewe uliyefanya hivyo. Utamshtaki nani?

Jioni hiyo tulirudi saiba pamoja. Binti akabonyeza “log in”, na fomu yake ikatokea kama alivyoiacha. Akaimaliza, akaituma, akafuta machozi, akachukua mkoba wake na kuinuka.

Nikamshika mkono. “Keti, mama. Bado hujatoka.”