Mtoto Asiyeulizwa

Mtu mzima avutaye bangi ana neno la kujitetea: mwili ni wake, na madhara yatamrudia mwenyewe. Neno hilo ni dhaifu, lakini ni neno. Mtoto aliye tumboni hana hata hilo. Haulizwi, hachagui, wala hawezi kugeuza uso wake moshi ufikapo. Kwa hiyo nasema wazi: mama mja mzito asivute bangi, wala asiwepo mtu wa kumshawishi avute.

Huku Tudor, kisiwani Mombasa, nimeyasikia barazani maneno matatu ya kuitetea. La kwanza ni kwamba bangi ni mmea ulioumbwa na Mungu, na kilichoumbwa hakidhuru. Hoja gani hiyo? Muhogo mchungu nao ni mmea, na aulaye bila ya kuutengeneza huweza kufa. Tumbaku ni mmea pia, na hapana mkunga mwenye akili ampaye mja mzito tumbaku.

La pili ni kwamba bangi huondoa kichefuchefu cha mimba. Kichefuchefu huzidi katika miezi mitatu ya mwanzo, na hiyo ndiyo miezi ambayo msingi wa ubongo hujengwa. Mfereji ambao ubongo na uti wa mgongo hutokana nao hufungika yapata siku ya 28 tangu mimba kutungwa, pengine kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Tena, mwaka 2004 madaktari wa Australia walieleza ugonjwa wa kutapika mara kwa mara unaowapata wavutaji wa siku nyingi. Dawa iletayo ugonjwa inaodaiwa kuuponya ni dawa ya namna gani?

Na tuone jinsi madhara yaingiavyo. Mwaka 1964 Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni walitenga katika bangi kemikali ilevyayo, iitwayo THC. Kemikali hiyo hupita katika kondo la nyuma ikamfikia mtoto, na baada ya kuzaliwa humfuata katika maziwa ya mama. Mwaka 1992 iligunduliwa kwamba ubongo wenyewe hutengeneza kemikali yenye kazi inayofanana na hiyo, nayo ikaitwa anandamidi. Kemikali za mwili za namna hii ni miongoni mwa zile zinazoongoza chembe changa za neva zijue pa kwenda na pa kuungana. Watu wa Mombasa wanaijua kazi ya rubani: meli kubwa ya kigeni haiingii Kilindini bila ya yeye. Basi THC ni rubani wa uongo. Hupanda chomboni bila ya kuitwa, akashika usukani asioujua.

La tatu ni kwamba fulani alivuta, na mtoto wake ni mzima. Naam, huenda alizaliwa akilia kwa nguvu. Lakini huko Ottawa, Kanada, Peter Fried alianza mwaka 1978 kuwafuatilia kwa miaka mingi watoto wa mama waliovuta, na baadhi ya tofauti zilidhihirika baadaye, katika umri wa masomo: katika kutuliza mawazo na kupanga mambo. Kwa haki niseme kwamba wataalamu hawajaafikiana juu ya ukubwa wa madhara, kwa kuwa wengi wa mama hao walivuta tumbaku pia. Na uchunguzi mmoja wa Jamaika uliotangazwa mwaka 1994 haukuona madhara kwa watoto wa mwezi mmoja. Lakini shaka hiyo ni hoja ya kujizuia, si ya kuthubutu. Nahodha asiyejua kina cha maji hupima kwanza. Hapeleki chombo mwambani ili apate kujua.

Wako wanaotaka sheria ya Kenya iifungulie bangi, na mwaka 2022 mgombea mmoja wa urais aliinadi waziwazi. Wabishane. Kanada iliiruhusu mwaka 2018, na hata hivyo serikali yake inawaonya waja wazito. Ruhusa ya sheria si kinga ya mtoto.

Walakini mtu asiyachukue maneno haya akayafanya fimbo ya kumpigia mama. Ni nani aliyemletea msokoto? Ni nani avutaye katika chumba cha mlango mmoja, mkewe mja mzito amelala humo humo? Mume huyo azime moto wake kwanza. Nasi majirani tuache matusi, maana mama aliyetukanwa huficha, na afichaye huikimbia kliniki. Na aende amwambie muuguzi kweli yake bila ya haya, asaidiwe kuacha. Kwani kuacha leo ni bora kuliko kuacha kesho.

Ninyi vijana msomao, leo ni wanafunzi, na kesho mtakuwa baba na mama. Mtoto wenu hataulizwa shauri. Basi mwamulieni kwa haki, kama ambavyo mngependa ninyi wenyewe kuamuliwa.