Jezi zisubiri, tununue vyuma

Kwenye kikao kilichopita cha chama ziliombwa fedha za jezi mpya za timu ya kina dada ya mpira wa kikapu. Nikanyoosha mkono nikasema jezi zisubiri, kwanza tununue vyuma na mikeka. Ukumbi mzima ukacheka. Kaka mmoja akauliza, "Kwani dada, mnataka kuwa mabaunsa?" Naomba nimjibu hapa, maana siku ile mwenyekiti alikuwa anaangalia saa.

Mimi nakaa Weston, si mbali na stesheni ya treni. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Februari, nilikatika kano ya goti la kushoto nikicheza kwenye ukumbi wa shule. Hakuna aliyenigusa. Niliruka kudaka mpira uliogonga ubao, nikatua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani, nikasikia "pwa!" Kocha wetu wa wakati ule akasema nimeteguka tu, nipumzike dakika tano nirudi uwanjani. Na mimi nikarudi, jamani!

Kano yenyewe ni ile ya ndani ya goti inayozuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba kwenye kikapu na soka wasichana huikata angalau mara mbili zaidi ya wavulana, na mara nyingi bila kugongwa na mtu. Sababu zinazotajwa ni nyingi: umbo la nyonga, homoni na kadhalika. Hayo huwezi kuyabadili. Unachoweza kubadili ni nguvu ya misuli na namna ya kutua. Wengi wetu tunatua miguu imenyooka, magoti yanabusiana, kazi yote imeachiwa misuli ya mbele ya paja, wakati ile ya nyuma ndiyo inayoisaidia kano. Na kano hukatika chini ya sehemu ya kumi ya sekunde baada ya mguu kugusa sakafu. Hapo hakuna muda wa kufikiri, lazima mwili uwe umeshafundishwa.

Kuufundisha si kazi ya ajabu. Unachuchumaa na kunyanyuka ukiwa na uzito, magoti yakifuata vidole vya miguu. Unasimama kwa mguu mmoja huku mwenzako anakusukuma kidogo kidogo. Unapiga magoti, mwenzako amekushika vifundo, unajishusha mbele polepole mpaka mapaja yanalia. Unaruka kutoka kwenye boksi na kutua kimya kama paka; ukisikika kishindo, rudia. Dakika 20 kabla ya mazoezi, mara mbili au tatu kwa wiki. Wenzetu wa soka wana programu yao, FIFA 11+, tangu 2006. Kwa wanawake, mazoezi ya aina hii yakifuatwa kwa kweli yamepunguza majeraha ya kano hii kwa karibu nusu. Yakifuatwa, nasema.

Mtu asiniambie haya ni ya wachezaji wabovu. Kia Nurse wa Hamilton, hapa hapa Ontario, alikatika kano Oktoba 2021 akiichezea Phoenix Mercury, na msimu wote wa 2022 hakucheza. Yeye ana timu ya kumhudumia. Sisi je? Bima ya mkoa hulipia upasuaji kwa wanaostahili, lakini fiziotherapi baada ya hapo, ukiwa na miaka kati ya 20 na 64, kwa kawaida unajitegemea. Na madaktari wanataka usubiri miezi 9 angalau kabla ya kurudi kucheza. Mimi nilipoteza muhula mzima na kazi ya jioni.

Kuhusu ubaunsa, hata mama aliponiona kwenye simu nimebeba chuma aliuliza nani atanioa. Nikamwambia, mama, na nikiwa na magongo je?

Vyuma vya mitumba vipo, nimeshaulizia bei. Jezi za mwaka jana nazo nimezikagua moja moja: zilizochanika ni mbili tu, na sindano ninayo.