Kasi ipo, mbona Díaz alipigwa?

Mwaka 2018 Edwin Díaz, mrushaji wa besiboli anayeingizwa mwishoni kulinda ushindi, aliilindia Seattle ushindi mara 57. Mwaka uliofuata, akiwa New York Mets, mipira yake 15 ilipigwa hadi nje ya uzio. Mkono haukuwa umechoka. Bado alirusha zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Tunavyoona sisi, mwenye mitupo miwili tu hana pa kujificha. Slaida yake, mtupo unaopinda, ikishuka chini ya magoti mpigaji hupiga hewa. Ile ya 2019 mara nyingi ilielea katikati, palepale gongo linapopita. Akiiacha, anabaki na mpira wa kasi, na mpigaji anausubiri huohuo. Mwaka 2022 aliitegemea zaidi slaida, nayo ikashuka: mara 118 mpigaji alitoka kwa straiki tatu.